Waacheni Wabishane na Vitabu

(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mliobanana kwenye madawati ya nyuma:

Nimeombwa niseme machache juu ya vijana na usomaji wa vitabu. Mada hii ina hatari yake. Mzee akipewa mada ya namna hii hulalamika tu: vijana wa siku hizi hawasomi, wameinamia simu, Kiswahili chao kimechacha. Mimi sikuja kulalamika. Nimefundisha katika shule za huku kwetu, Masasi na Newala, muda wa kutosha kujua kwamba vijana husoma, na wakisoma huwa na maoni. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kukaa akayasikiliza.

Nasema hivyo kwa sababu leo mchana mkutano huu utaamua jambo la fedha. Kamati imependekeza kwamba mchango wetu wote wa kabati la vitabu ununue vijitabu vya uchambuzi, vile vyenye maswali na majibu ya mtihani tayari. Nia ya kamati ni njema, na mtihani si mchezo. Lakini mimi napinga pendekezo hilo, na mashahidi wangu ni wanafunzi.

Kwanza nikumbushe jambo moja la historia, maana hadithi na shule vimeingia Masasi kwa mguu mmoja. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA aliyekuwa Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Humo mna kisa cha kima, papa na punda wa dobi, ambacho wengi wetu tulikisikia kabla hatujajua kusoma. Miaka sita baadaye, mwaka 1876, Steere huyo huyo, sasa akiwa Askofu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kuja bara. Safari ilikusudiwa kuelekea Ziwa Nyasa, lakini watu wakapiga kambi Masasi wakabaki. Masasi iliposhambuliwa mwaka 1882, baadhi wakahamia Newala. Kwa hiyo mtu aliyeziweka hadithi hizo katika chapa ndiye aliyeleta mbegu ya shule upande huu. Bila shaka bibi zetu walikuwa wakisimulia zamani kabla ya Steere kuzaliwa, wala hawakungoja askofu.

Bibi akisimulia, mtoto aliruhusiwa kumkatiza. Aliuliza, “Mbona fisi hakukimbia?” Bibi naye hakumwambia angoje mpaka mwisho wa kipindi. Alijibu, au aliibadili hadithi. Hadithi ilipoingia kitabuni tukapata faida kubwa, kwani haipotei tena. Lakini yule mtoto wa kukatiza tukamwacha nje ya mlango.

Nilijaribu kumwingiza. Kila Ijumaa jioni, nje ya ratiba, nilikuwa nakaa na vijana waliotaka, tunasoma kurasa chache, halafu kila mmoja anasema anavyoona. Sharti lilikuwa moja tu: usiseme kilichoandikwa kwenye kitini.

Tulianza na kisa hicho cha Steere. Mnakumbuka: papa anamchukua kima mgongoni amvushe bahari, na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa ameagiziwa moyo wa kima. Kima anasema mioyo yao huachwa mtini, warudi wakauchukue. Wote tulifundishwa kumsifu kima kwa akili yake. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza akamtetea papa. Akasema, “Papa ametumwa. Na kama angekuwa mwongo, asingesema kweli huko katikati ya maji.” Nilikuwa nimekisoma kisa hicho mara nyingi, na hilo la papa kuponzwa na ukweli wake halikuwa limenijia.

Neno hilo la kutumwa likaturudia tuliposoma Adili na Nduguze, hadithi ya Shaaban Robert iliyotoka mwaka 1952, ambayo asili yake imo katika Alfu Lela Ulela. Adili ana ndugu wawili waliomtosa baharini kwa wivu. Jini anawageuza manyani, na Adili anaamriwa awapige kila usiku. Anawapiga, na anawalilia. Darasani tunaandika ubaoni: Adili ni mwadilifu, kama jina lake. Basi kijana mmoja wa Kitangari akauliza, mtu anayepiga kila usiku kwa amri ya mwingine, huku moyo wake hautaki, ni mwadilifu au ni mtiifu? Mwenzake akamjibu kwamba Adili angekataa angeumia yeye. Wa tatu akasema, “Ndiyo maana hadithi inaye mfalme. Rai ndiye anayewaombea msamaha, kwa sababu yeye haogopi kupigwa.” Walibishana mpaka kengele ya chakula ikalia, wakabishana kwenye foleni na sahani mikononi. Mwalimu wa nidhamu alikuwa anapita na fimbo yake. Alisimama, akasikiliza, akaenda zake bila kusema kitu. Sitaki kudai kwamba kitabu kilimbadili. Ila siku ile hakumchapa mtu.

Hiyo ni hadithi ya nyumbani. Je, za ng'ambo? Hapa ndipo watu husema vijana wetu hawawezi, ni mbali mno. Nilipata kuazima nakala chakavu ya Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ile tafsiri ya mwaka 1940, ambayo michoro yake inamwonyesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Mnamjua yule sungura wa mwanzo, anayekimbia na saa mkononi akilia kwamba amechelewa na bibi mkubwa atakasirika. Darasa likanuna. Sungura gani huyu? Sungura wetu hachelewi wala hamwogopi mtu. Simba mwenyewe humfunga kamba. Kimya kidogo, halafu sauti ya nyuma ikasema, “Huyu sungura ameajiriwa.” Ndugu zangu mnaofanya kazi maofisini, naona mmecheka kwa uchungu. Msomi anaweza kuandika kurasa kumi juu ya sungura yule asifike pale mtoto yule alipofika kwa maneno matatu.

Lakini ubishi mkubwa kuliko wote uliletwa na Mabepari wa Venisi. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri hiyo mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Shakespeare katika jina la mchezo ametaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu akaweka wengi, na hakuwaita wafanyabiashara, aliwaita mabepari. Nikawauliza vijana: ni akina nani hao? Wote wakasema Shailoki, mkopeshaji. Nikawaambia, huyo ni mmoja, na neno linasema wengi.

Msichana mmoja wa Newala, ambaye nyumbani kwao wanalima korosho, akasema, “Shailoki ni kangomba.” Darasa zima likaelewa. Ninyi mlio Dar es Salaam miaka mingi huenda mmesahau: kangomba ni yule anayenunua korosho kwa magendo, anakuja na fedha wakati wa njaa, kabla ya msimu, anachukua zao kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, neno hilo lilisikika mpaka Dodoma. Msichana yule akaendelea: kangomba anachukiwa na kila mtu, lakini wakati wa njaa ni yeye anayebisha hodi. Na Antonio, je? Naye ana merikebu, ana mali kwenye bahari nne, na alimtemea Shailoki mate hadharani kabla ya kwenda kumkopa. Basi naye ni bepari, tofauti yao ni kwamba mmoja ana marafiki barazani. Kijana mwingine akapinga kwa hasira. Mkataba wa kukata nyama ya mtu, alisema, hauwezi kutetewa na njaa wala matusi. Msichana akamjibu kwamba hatetei mkataba, anahesabu mabepari.

Sijasikia somo la uchumi lililo zito kuliko hilo katika chumba cha darasa. Na halikutoka kwangu.

Sasa tazameni kijitabu cha uchambuzi kinavyosema kuhusu mchezo huo huo. Dhamira: ulipizaji kisasi, mapenzi, urafiki. Wahusika wakuu. Wahusika wadogo. Matumizi ya lugha. Si uongo hata kimoja, na kwa mtihani wa Kidato cha Nne utapata alama zako. Lakini hakuna mstari ambapo binti wa mkulima wa korosho angeweza kupachika neno lake.

Nitatoa mfano mmoja wa mwisho, nao hauchekeshi. Kwa miaka mingi Takadini cha Ben Hanson kilikuwa kati ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza katika sekondari zetu. Ni kisa cha Sekai, mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino, akakimbia naye usiku ili asiuawe kwa mila. Tulikisoma tukikumbuka mwaka 2007 na 2008, mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipotisha nchi, hasa Kanda ya Ziwa. Msichana aliyekuwa akikaa jirani na familia yenye mtoto kama huyo alisoma kitabu chote kwa shida ya Kiingereza, kisha akaomba aseme kwa Kiswahili. Akasema kitini kinamweka mzee Chivero, aliyempokea Sekai na mwanawe kijijini, katika wahusika wadogo. “Mimi kwangu ndiye mkubwa,” alisema. “Sekai alikuwa mama, asingeweza kumwacha mwanawe. Huyu mzee angeweza kufunga mlango.” Nilimwambia aandike hivyo kwenye mtihani. Akanitazama akauliza kama msahihishaji atakubali. Nilishindwa kumhakikishia, na mpaka leo lile swali lake linanikera kuliko somo lolote nililofundisha.

Wazee wenzangu mtasema, haya ni mazungumzo, mtoto atakula nini? Hayati Rais Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, hapa Masasi, akasoma Ndanda miongoni mwa shule zake, akaenda Makerere kusoma Kiingereza. Akahariri Uhuru na magazeti mengine kabla ya kuingia katika uongozi. Huwezi kuhariri gazeti kwa majibu ya kukariri. Mengine mwayajua.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Vijitabu vya uchambuzi vinunuliwe, lakini visizidi robo ya fedha. Zilizobaki zinunue hadithi, tamthiliya na mashairi yenyewe, nakala kadhaa za kila kitabu, maana mmoja mwenye kitabu peke yake hana wa kubishana naye. Orodha waitoe wanafunzi. Wakichagua kitabu ambacho sisi tunakiona cha kitoto, kinunuliwe hivyo hivyo. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetoa hadithi fupi nyingi za Kiswahili, na nimeona vijana wa Kidato cha Tatu wakizinyang'anyana kama vitumbua. Pia naomba lifungwe daftari kubwa kwa kamba kwenye mlango wa kabati, kila anayerudisha kitabu aandike alivyoona, hata kama ni mistari miwili, hata kama hakukipenda. Mwalimu asisahihishe humo isipokuwa tahajia, na hata tahajia aionee huruma.

Daftari la kwanza nimelinunua mwenyewe, ninalo hapa. Halikukaa tupu. Asubuhi, tulipokuwa tukinywa chai, kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinikuta nalo chini ya mwembe, akaomba kalamu. Ameandika kwamba amemaliza Adili na Nduguze, na kwamba anataka kujua manyani wale walikuwa wakiwaza nini mchana, wakingoja usiku. Chini yake mwenzake ameshaandika kwamba hakubaliani naye.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.