Picha Isiyo na Jina

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Kasense, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa kumbukumbu, nami nimeona nifanye hivyo kwa kueleza maisha ya mtu mmoja, mpigapicha Mohamed Amin. Lakini kabla sijafika kwake, hapana budi nikiri kosa langu mwenyewe.

Katika shule moja niliyofundisha zamani, palikuwa na picha iliyotundikwa ofisini juu ya kabati. Ilionyesha watu wazima wapatao ishirini, wanawake kwa wanaume, wamesimama mbele ya darasa la matofali mabichi, kila mmoja ameshika kitabu kifuani. Walikuwa wanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Mlinzi wetu, mzee aliyesoma pamoja nao, alizoea kuwataja mmoja mmoja kwa kidole. Nilimsikiliza mara nyingi, wala sikuandika jina hata moja. Mzee yule akafariki.

Miaka kadhaa baadaye alikuja mama mmoja kutoka upande wa Mpui. Alikuwa amesikia kwamba marehemu mama yake alisomea kisomo pale, na kwamba ipo picha. Yeye alifiwa akiwa mchanga, hakuijua sura ya mama yake. Nikamshushia ile picha. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza, "Mwalimu, ni yupi?" Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Mama yake huenda alikuwa pale mbele yake, naye akaondoka bila kumwona.

Sasa tumtazame Mohamed Amin.

Alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Familia yake ilihamia Dar es Salaam angali mtoto, na huko ndiko alikopata kamera yake ya kwanza, kamera kuukuu ya Box Brownie. Alijifunza kwa kupiga na kukosea, kusafisha picha na kupiga tena. Mwaka 1963, kabla hajatimiza hata miaka 21, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Januari 1964 alikuwa Zanzibar akipiga picha za Mapinduzi.

Si vema kuficha yaliyofuata. Mwaka 1966 alikamatwa Zanzibar, akawekwa kizuizini karibu mwezi mmoja, kisha akafukuzwa nchini. Serikali zetu zilikuwa changa, mataifa makubwa yalikuwa yakivutana juu ya vichwa vyetu, na mtu mwenye kamera alitiliwa shaka upesi. Alihamia Nairobi akaanza upya. Hata hivyo mwaka 1984 jina lake lilionekana juu ya kitabu kikubwa cha picha za nchi hiihii, Journey Through Tanzania, alichokitoa pamoja na wenzake. Nchi iliyomfukuza aliitazama tena kwa jicho la heshima.

Julai 1969, Ndugu Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi, Amin aliwahi kufika akaipiga picha saa ile ya huzuni. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane duniani kote ni ile ya Oktoba 1984, huko Korem na Mekele, kaskazini ya Ethiopia. Habari za njaa ile zilikwisha kuandikwa katika taarifa nyingi, na taarifa hizo zilikaa mezani. Filamu yake, iliyosimuliwa na mwandishi Michael Buerk, ilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba, ikachukuliwa na vituo vya televisheni vya nchi nyingi, na watu wa kawaida wakaanza kutoa fedha. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia, kuchangia wenye njaa. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba picha ni pambo la ukutani tu.

Aliilipia kazi hiyo kwa mwili wake. Juni 1991 ghala la silaha lililipuka mjini Addis Ababa. Mwenzake aliyekuwa akirekodi sauti, John Mathai, akauawa, na yeye akapoteza mkono wa kushoto. Alifungwa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aliyosafiria kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Visiwa vya Komoro. Walikufa watu 125, naye Amin akiwa mmojawao.

Wengi humsifu kwa ushujaa wake. Mimi leo namsifu kwa kabati lake. Mpigapicha wa habari huuza picha leo, kesho akaisahau. Amin alizihifadhi negativu zake, na hifadhi hiyo iliyoko Nairobi inahesabiwa kuwa na picha zaidi ya milioni mbili. Mwanawe, Salim, aliichukua kama amana, na baadhi ya picha hizo sasa zinatazamwa na yeyote kwa njia ya intaneti. Risasi, gereza na ajali havikuifuta kazi ile, kwa sababu ilikuwa na mtunzaji.

Wala utunzaji hauhitaji vita wala safari za mbali. Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930. Alipiga picha za viongozi, na pia za watu wa kawaida waliovaa nguo zao nzuri wakaja wenyewe. Mwanawe, Rohit, aliirithi studio pamoja na picha. Leo atakaye kujua Unguja ya zamani ilivaaje, huanzia hapo.

Hata hivyo lipo pungufu moja ambalo sisi tunaweza kulikwepa. Zile nyuso za Korem zilionwa na mamilioni ya watu, lakini waliojua majina ya wenye nyuso hizo walikuwa wachache mno. Mpigapicha mgeni hupita. Mwalimu na karani wa kata hukaa, na wao ndio wanaomjua mtu na jina lake, na ukoo wake.

Sisi wa Ufipa tumekwisha kupoteza mengi kwa njia hii. Wazee wetu walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu. Kazi ile ilikoma, na walioiandika kwa kirefu walikuwa zaidi wageni. Je, tutangoja wageni waje waandike pia juu ya vijiji vya mwaka 1974, na juu ya vijana waliofundisha darasani wakati wa UPE, elimu ya msingi kwa wote? Picha zao zimo katika masanduku yetu, na wanaowafahamu wanapungua kila masika.

Kwa hiyo natoa wito wenye mambo manne.

La kwanza, kila picha iliyoko ofisini na shuleni iandikwe nyuma, kwa penseli laini: majina kuanzia kushoto, mahali, tarehe, na aliyeipiga. Wino wa kalamu hupenya na kuharibu.

La pili, tusizibandike kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki. Ziwekwe katika bahasha za karatasi, mbali na jua, moshi na unyevu.

La tatu, picha za simu zisiachwe ndani ya simu peke yake. Zinakiliwe mahali pawili, na jina la faili liwe na tarehe na mahali.

La nne, tukumbuke kwamba Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002 haihusu mafaili ya karatasi tu. Picha iliyopigwa kwa shughuli ya umma ni kumbukumbu ya umma. Anayehama kituo aikabidhi kama anavyokabidhi mafaili na funguo.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie pale nilipoanzia. Niliiomba shule ile nakala ya picha, nikazunguka nayo kwa wazee, kijiji baada ya kijiji. Mpaka leo nimepata majina manne kati ya ishirini. La mama yake yule mama wa Mpui bado. Mzee mmoja aliniambia kwamba ningalikwenda kwake miaka miwili mapema, macho yake yangaliona. Basi anayetoka hapa na aanze leo jioni, na aanze na mzee aliye karibu naye.