Hesabu ya Mali ya Moyo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Lushoto)



Nimeombwa nizungumze juu ya mafanikio. Mafanikio yana wasemaji wengi, nao wameketi meza ya mbele. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi niijuayo ni ile ya kila tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa: kuingia stoo na leja mkononi, kuhesabu kilichopo, kilichochakaa na kisichoonekana. Mwaka huu, nilipomaliza kuhesabu viti vya ofisi, nilijiuliza: kwa nini kiti kihesabiwe kila mwaka, na yule anayekikalia asihesabiwe hata mara moja tangu aajiriwe? Basi nikafungua leja ya nafsi yangu. Nawasomeeni taarifa kwa ufupi.

Kwanza, usingizi. Leja inaonyesha muda wa saa nane kila usiku. Stoo ina saa tano, na hizo zenyewe zina matundu kama shati lililoliwa na mende. Hapa shuleni tulilala kwa kengele na kuamka kwa kengele, tukaoga maji ya Lushoto mwezi wa Julai, maji ambayo yalimfanya hata mtoro wa ibada amtaje Mungu kwa sauti kuu. Siku hizi nina maji ya moto na godoro nene, lakini usiku wa manane macho yako kwenye simu, nasoma ubishi wa kundi letu hili hili juu ya nani alikuwa golikipa bora.

Pili, miguu. Zamani siku ya Jumamosi tulikwenda Irente kwa miguu, tukasimama ukingoni mwa mwamba, tukaitazama Mazinde kule chini na nyika ya Wamasai inayopotelea kwenye vumbi, kisha tukawahi kurudi kabla ya chakula. Miguu hiyo ipo, idadi kamili, miwili. Ila kazi yake sasa ni kunitoa kwenye gari na kunifikisha kwenye kiti. Nimeiandika: mali nzima isiyotumika.

Tatu, hasira. Hapa wahasibu watanielewa upesi. Hasira ni kama masurufu: ukiyachukua ofisini, yapasa kurejeshwa ofisini. Lakini watumishi wengi huyachukua ofisini na kwenda kuyatumia nyumbani, tena bila stakabadhi. Kwangu mama watoto ndiye mkaguzi wa ndani, na hoja yake ni moja tu: "Baba watoto, hiyo si yetu. Kairejeshe ulikoichukua."

Nne, kicheko. Hiki nimekikuta kingi kuliko kilivyoandikwa. Nadhani kilipokelewa katika mabweni haya, na ubora wake haujapungua.

Kwa jumla, Ndugu Mwenyekiti, nimejipa hati yenye shaka. Si hati mbaya, wala si ya kufungia kwenye fremu.

Sasa mtacheka nikisema kwamba haya yote ni mambo ya afya ya akili. Mimi nafanya kazi Dodoma, na kila nikitaja maneno hayo, watu huniuliza kama nimeanza kupitia njia ya Mirembe. Tumezoea kudhani kwamba akili ina hali mbili tu: nzima kabisa, au ya kupelekwa hospitali. Hakuna anayefikiri hivyo juu ya gari. Gari huongezwa maji, hubadilishwa oili, hupumzishwa pale Mombo kabla ya kuanza kupanda kona za kuja huku. Moyo wa binadamu tunaupandisha mlima mwaka baada ya mwaka, tukingoja siku utakapotoa moshi.

Tena sisi watu wa Usambara hatuna haki ya kuona haya juu ya jambo hili. Kule Lutindi, katika milima hii hii, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani. Kuanzia mwaka 1904 kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, miongoni mwa vituo vya kwanza kabisa vya aina hiyo katika Afrika Mashariki. Hospitali ipo hadi leo, na pamoja na dawa, kazi za mikono ni sehemu ya matibabu. Kuamka kwa wakati, kushika jembe, kula pamoja, kupumzika. Sikilizeni vizuri, vijana: ratiba hiyo haiko mbali na ya shule. Wengine huandikiwa na daktari. Ninyi mmepewa bure, nanyi mnaiita adhabu.

Na kabla ya Wajerumani hao, wazee wa Kisambaa walikuwa na maneno mawili juu ya utawala, ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kuna kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kuna kubana shi, yaani kuiharibu. Nchi ilipona pale mamlaka ya mfalme wa Vuga yalipotulia. Mvua ikanyesha na watu wakala. Nchi iliharibika pale wakubwa waliposhindana, nguvu kwa nguvu. Hapo ikaja njaa. Nami nasema kifua cha mtu wa miaka arobaini na kitu ni nchi ya namna hiyo. Humo ndani anatawala mkuu wa kazi, anatawala mkopo wa benki, inatawala ada ya watoto, inatawala simu. Kila mmoja anadai kodi yake usiku huo huo. Mvua itanyesha saa ngapi?

Nimalizie na jambo ambalo si la kuchekesha. Mnajua salamu zetu. Mtu ana homa, ukimwuliza habari atajibu, "Nzuri, ila nina homa." Amefiwa, atajibu, "Nzuri, ila tuko msibani." Katika mkutano mmoja wa miaka ya nyuma nilimsalimu mwenzetu, "Habari za siku nyingi?" Akajibu, "Si nzuri." Akanyamaza. Ndugu zangu, sijapata kusikia jibu la kishujaa kama hilo. Tuliketi naye mpaka jua likazama. Hatukuwa na dawa mfukoni. Mmoja alileta chai, mmoja alimjua daktari, mmoja alikaa kimya tu karibu naye. Mwenzetu huyo yumo humu ukumbini leo, mzima, na ndiye aliyeniambia, "Lieleze hili, vijana wasikie." Jina lake ni mali yake.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni machache. Simu ilale sebuleni. Miguu irudishwe kazini, japo nusu saa kwa siku. Masurufu ya hasira yarejeshwe yalikotoka. Na nanyi wadogo zetu, mkiwa bwenini, mkimwuliza mwenzenu habari, ngojeni jibu. Msikimbilie foleni ya uji kabla hajafika kwenye ile "ila", maana habari yenyewe aghalabu huanzia hapo.

Nami naahidi kufanya hesabu hii kila tarehe 30 Juni, pamoja na viti.