Kuondoa Gundi na Rangi Kuukuu kwenye Injini Kabla ya Kupaka Upya
Mada kwa mafundi wa gereji wa wilaya za Mbulu na Hanang



Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na shirika la umma la kilimo, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yaliizoesha Hanang matrekta makubwa na kombaini tangu miaka ya 1970. Hadi leo injini kuukuu zinaletwa kwetu zikiwa zimeshafunguliwa na watu wengi, na kila mmoja ameacha chake: silikoni juu ya gasketi, rangi juu ya grisi.

Hoja yangu ni moja: grainda isiguse kikalio cha gasketi. Najua inaokoa muda, na mteja wa msimu wa mavuno hana subira. Lakini diski za kusafishia hutoa punje za oksidi ya alumini, ngumu kuliko chuma cha krenki. Zikiingia kwenye njia za oili, hula beringi. General Motors ya Marekani iliwahi kuwaonya mafundi wake kuhusu jambo hilohilo. Pia diski hula alumini bila wewe kuona. Hedi inapoteza unyoofu, halafu tunailaumu gasketi mpya.

Basi tumia nini? Kwanza tambua unachokitoa. Silikoni haiyeyuki kwenye petroli, huvimba tu na kulegea, kwa hiyo ikwangue kwa kipande cha plastiki ngumu au mbao kama sehemu ni ya alumini. Ziba matundu yote kwa kitambaa kabla ya kuanza. Kipande cha silikoni kikidondokea kwenye sampu, huenda kikaziba chujio la kunyonyea oili, na injini ikafa kwa kukosa oili.

Gasketi za injini za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Zilowanishe, zikwangue zikiwa na maji, na usizipulize kwa kompresa.

Kwa rangi kwenye bloku la chuma, maji ya moto yenye kostiki soda yanafanya kazi nzuri. Tia soda kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya soda, na vaa glavu na miwani. Alumini isikaribie pipa hilo kabisa: soda huila na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Dawa za kuondolea rangi zenye methilini kloridi ni za haraka, ila mvuke wake ni mzito, hutuama chini, na mwilini hugeuka monoksidi ya kaboni. Ukifunga mlango wa gereji kukwepa vumbi la Katesh huku unazitumia, unajitia hatarini.

Petroli ya kuoshea nayo tuiache. Mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya Mbulu. Dizeli au mafuta ya taa yanatosha, kisha malizia kwa maji ya sabuni. Kausha, na siku hiyohiyo paka praima nje na oili kwenye vikalio, maana chuma kitupu hakichelewi kushika kutu. Vikalio vyenyewe visipakwe rangi.

Magamba ya rangi ya zamani, hasa ya njano, huenda yana risasi. Yasikwanguliwe makavu wala kufagiliwa uani: ng'ombe hulamba chochote, na risasi huwaua. Yaweke kwenye kopo lenye kifuniko, kisha muulize afisa mazingira wa halmashauri yapelekwe wapi.