Miguu ya mtoto ikilegea ghafla
Neno la kamati mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka

Wamama, wababa, ndugu tuliovuka ziwa pamoja tukirudi toka kambi za Kigoma, na ninyi wafadhili wetu,

Leo tunaongea juu ya mtoto aliyelala mzima, asubuhi miguu inakataa kumbeba. Kwetu wengi wanasema amelogwa. Wanazunguka kwa waganga wa kienyeji juma mbili, na zile juma mbili ndizo zilikuwa za kumsaidia.

Ndani ya mifupa ya mgongo kunapita kamba ya fahamu. Ndiyo inapeleka nguvu miguuni na kuongoza mkojo. Mara nyingine, kisha homa ao mafua, kinga ya mwili inaishambulia, nayo inavimba. Alama zake: mgongo unauma, miguu yote miwili inalegea kwa saa ao siku chache, ukimfinya hasikii, mkojo unafunga. Polio inakuja na homa, mara nyingi mguu mmoja unalegea kuliko mwingine, lakini ukifinya anasikia. TB ya mgongo inakwenda polepole, na mgongo unatoa kinundu.

Kutofautisha ni kazi ya daktari. Yetu ni kumfikisha kituo cha afya siku ileile. Tusimkande kwa nguvu, tusimchanje wembe, tusimpige sindano za dukani. Mkojo ukifunga, watamwekea mpira. Daktari akiona si maambukizi, anaweza kumpitishia mshipani dawa za kushusha uvimbe. Kisha mazoezi ya viungo, miezi mingi. Wako wanaotembea tena, wako wanaobaki na udhaifu. Akishindwa kupumua ao kumeza, tusingoje kuche.

Muuguzi ataomba choo cha mtoto mara mbili, kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu kulegea. Kinatunzwa kwa barafu mpaka Kinshasa, kutafuta polio. Tusikatae. Mwezi wa 3 mwaka 2023, OMS ilitangaza watoto 6 wa Tanganyika na Kivu Kusini waliopooza kwa polio. Virusi hivi vinapata njia mahali watoto wengi hawajachanjwa. Kwa hiyo kadi za chanjo tulizotoka nazo kambini tuzionyeshe kituoni, wanaobakisha wamalize.

Ndugu, mbuzi anayepelekwa kwa mganga analipa pikipiki mpaka hospitali. Tunaomba kila kikundi kitenge pesa ya safari mbele ugonjwa haujafika. Wafadhili, mtusaidie kwa ile miezi ya mazoezi, maana hapo ndipo familia nyingi zinachoka.