Mgongo Wazi: Mtoto Asicheleweshwe



Wahenga walisema, chelewa chelewa utapata mwana si wako. Methali hii inafaa sana katika mada ya leo, kwa sababu mtoto mwenye mgongo wazi akifikishwa hospitalini mapema ana nafasi nzuri ya kuishi, kusoma na kujitegemea. Akifichwa nyumbani, hali ambayo ingetibiwa humgeukia kuwa hatari.

Mgongo wazi, ambao madaktari huuita spina bifida, ni hali ya kuzaliwa nayo. Sehemu ya uti wa mgongo huwa haikufunga vizuri mtoto alipokuwa tumboni. Mara nyingi mtoto huonekana na kifuko laini au kidonda mgongoni. Neva zinazopita hapo ndizo zinazoongoza miguu, kibofu na haja kubwa. Ndiyo maana baadhi ya watoto hawa huwa na miguu dhaifu na hushindwa kuzuia mkojo na choo. Wengi pia hukusanya maji kichwani, hali inayojulikana mitaani kama kichwa kikubwa.

Hali hii haitokani na laana, wala kurogwa, wala kosa la mama. Uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Upungufu wa asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini B, huongeza hatari. Vivyo hivyo kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa, na historia ya hali hii katika ukoo. Hata hivyo, mara nyingi hakuna sababu moja inayopatikana. Mume, mama mkwe na majirani wasimtwike mama mzigo wa lawama.

Kinga nayo huanza kabla ya mimba. Mwanamke anayeweza kupata mimba anashauriwa kumeza maikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kabla ya kushika mimba na katika wiki 12 za kwanza. Anayesubiri hadi mwezi wa nne ndipo aende kliniki, anafika uti wa mgongo wa mtoto ukiwa umeshaumbika. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, miligramu 4 kwa siku, na huandikiwa na daktari. Mwenye kutumia dawa za kifafa aonane na daktari kabla ya kupanga mimba, lakini asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Chakula nacho husaidia. Maharagwe, ndengu, kunde, mchicha na sukuma wiki vina foliki, mradi mboga zisichemshwe kupita kiasi na maji yake kumwagwa. Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwa mojawapo. Unga unaosagwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo, kwa hivyo anayeutumia azingatie zaidi vidonge.

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, asipakwe dawa za kienyeji, mafuta wala majivu, na kifuko kisitobolewe. Mkunga au muuguzi hufunika sehemu hiyo kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha humlaza mtoto kifudifudi au kwa ubavu. Apewe joto, anyonyeshwe, na apelekwe haraka kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Upasuaji wa kufunga mgongo hufaa ufanywe ndani ya siku 2 au 3 za kwanza, kabla viini havijaingia kwenye uti wa mgongo na ubongo. Wajawazito wajiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya kujifungua, ili gharama isiwe sababu ya kungoja.

Baada ya upasuaji, kazi kubwa huwa nyumbani. Mzazi aangalie kichwa cha mtoto. Kikikua haraka, utosi ukivimba, macho yakielekea chini, au mtoto akitapika na kulala kupita kawaida, arudishwe hospitalini siku hiyo hiyo. Mtoto aliyewekewa mrija wa kupunguza maji kichwani naye akianza kuumwa na kichwa, kutapika au kupata homa, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kibofu kisichojimaliza huharibu figo polepole, bila maumivu. Muuguzi humfundisha mzazi kutoa mkojo kwa mrija mwembamba safi kila baada ya saa 3 au 4, akiwa amenawa mikono kwa sabuni. Baba pia ajifunze, ili mama akisafiri au akiugua ratiba isikatike. Wengi wa watoto hawa wakifika umri wa shule huweza kujifanyia wenyewe. Kwa kuwa miguu huenda haihisi joto wala maumivu, maji ya kuoga yapimwe kwa mkono wa mzazi, mtoto awekwe mbali na jiko, na ngozi ya miguu na makalio ikaguliwe kila jioni.

Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Kiti cha magurudumu au nepi si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Mara nyingi anachohitaji ni darasa lisilo na ngazi, choo chenye mlango na maji, na mwalimu anayemruhusu kutoka kwa wakati bila kumwaibisha. Wazazi wamwandikishe mtoto na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya tathmini ya hospitali ya serikali.

Majirani wanaojua nyumba yenye mtoto aliyefichwa wasiende kumshtaki mzazi wala kumsimanga. Waende wakampe pole, wamwitie mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji, na wamsindikize hadi kituo cha afya kilicho karibu. Mtoto huyo ana jina, na siku moja atahitaji nafasi kwenye dawati. Njia ya kufika hapo huanzia kwa mtu mmoja anayebisha hodi mapema.