Dawa ya Mzee na Kazi ya Bakteria

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Ndugu wajumbe na wapendwa wafadhili, katika kikao kilichopita mlituuliza kwa nini mfuko wa wazee uendelee kununua vidonge vya levodopa wakati kuna visima vya kuchimba. Swali ni la haki, nasi tunaomba kulijibu.

Mnamfahamu mzee wetu wa kigangoni, katekista wa miaka mingi, ambaye mkono ulianza kutetemeka hata kitabu cha nyimbo kikamshinda kushika. Wapo waliosema amerogwa, wengine kwamba amekunywa. Kumbe ni ugonjwa wa Parkinson: ubongo unapoteza seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili. Hayuko peke yake. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2006, miongoni mwa watu zaidi ya 160,000, uliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Dopamini yenyewe haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa, ambayo ni asidi ya amino, huvuka, kisha hugeuzwa huko kuwa dopamini. Ugumu uko katika kuitengeneza. Molekuli zake huwa za namna mbili, kama kiatu cha kushoto na cha kulia. Inayotibu ni ya kushoto tu, na ile nyingine inaweza kudhuru. Njia nyingi za kikemia hutoa zote mbili zikiwa zimechanganyika.

Hapo ndipo bakteria wanapotusaidia. Bakteria aitwaye Erwinia herbicola, anayeishi kwenye mimea, ana kimeng'enya ambacho kwa kawaida huvunja asidi ya amino iitwayo tairosini. Wataalamu wa Japani waligundua kwamba kazi hiyo yaweza kugeuzwa kinyume: kimeng'enya kikipewa katekoli, asidi ya piruviki na amonia, huviunganisha na kutoa levodopa ya kushoto pekee, ndani ya maji, bila joto kali. Kampuni ya Ajinomoto ilianza kuitumia njia hiyo kiwandani mwaka 1993. (Ndiyo, ni hao hao wa kiungo cha mchuzi.)

Baadhi yenu mmeulizia upupu. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa. Lakini kiasi chake hutofautiana mbegu kwa mbegu, nasi hatuna cha kupimia. Tusiwachemshie wazee wetu kwa kukisia.

Sasa kosa letu. Mwaka jana tulinunua dawa ya miezi mitatu kwa mkupuo, tukapiga picha, tukaandika ripoti. Ilipokwisha hatukuwa na nyingine. Mzee aliyekuwa ameanza tena kutembea kwenda kanisani akarudi kitandani, akakakamaa, akawa wa kulishwa kwa kijiko. Dawa hii haikatishwi ghafla. Tulilijua hilo tukiwa tumechelewa.

Kwa hiyo hatuombi kisima kiachwe. Tunaomba kila kamati itenge fedha za dawa za mwaka mzima kabla mgonjwa mpya hajaanzishiwa, na ichague mtu mmoja wa kuhesabu vidonge kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Fomu anazo mweka hazina, pale mlangoni.