Vifaa vya Kuwasaidia Wenye Ulemavu wa Viungo na Wenye Kigugumizi

(Maelezo ya Afisa Ustawi wa Jamii mbele ya watumishi na wananchi, Saadani)



Nitaanza na mchanga wetu. Kiti cha magurudumu kilichoundwa kwa sakafu ya hospitali huzama hapa hatua chache kutoka barazani, kwa kuwa magurudumu yake ya mbele ni madogo na membamba. Mwenye kiti hurudia kubebwa mgongoni. Mchanga wataka kiti cha magurudumu matatu, la mbele likiwa kubwa na limesogezwa mbali, chenye mipira ya baiskeli ili fundi wa hapa hapa akitengeneze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 wasisitiza kwamba kiti kipimwe kwa mwili wa mtumiaji na kifae mahali aishipo. Basi tunapowaandikia wafadhili tusiombe "viti kumi". Tutaje vipimo vya kila mtu na njia apitazo. Mafundi wa vifaa vya viungo hufundishwa humu humu nchini, KCMC Moshi, tangu miaka ya 1980.

Kigugumizi nacho humpata mtu mzima kama 1 katika kila 100. Mliosoma chuoni mwakumbuka: mtoto aliyeshindwa kutaja jina lake alisoma sura pamoja na wenziwe bila kukwama. Kifaa kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2001 chategemea jambo hilo. Huvaliwa sikioni, kikamrudishia msemaji sauti yake ikiwa imecheleweshwa kidogo na kubadilishwa, kana kwamba yupo mwenziwe asemaye naye. Huwafaa baadhi; kwa wengine nafuu hupungua baada ya muda. Bei yake ni kubwa mno, ingawa siku hizi zipo programu za simu zicheleweshazo sauti vivyo hivyo.

Katika ofisi moja, nisiyoitaja, nilimwona mvuvi akikwama kwenye jina lake. Karani akamkamilishia, akakosea, na leseni ikatoka kwa jina lisilo lake. Alikaa wiki tatu akingoja isahihishwe. Kifaa kilichohitajika pale ni karatasi na kalamu, na karani kunyamaza kidogo. Sheria Na. 9 ya mwaka 2010 yakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake.

Naomba kila meza ya mapokezi iwe na daftari. Asiyependa kuandika asilazimishwe, angojewe amalize.